Kusuriya no Hitorigoto: hii manga ni ya upelelezi kweli, au nasubiri kitu ambacho hakiji?

MsakaVidokezo

Wapenzi wa manga, salaam. Nina swali, na naombeni mnijibu bila kumwaga mtama wote.

Mimi ni mtu wa hadithi za upelelezi tangu utotoni. Nikifungua kitabu cha aina hiyo nakaa na daftari pembeni: nani alikuwepo, aliingia saa ngapi, kikombe kilikuwa upande gani wa meza. Raha yangu ni kumtangulia mpelelezi, hata kwa ukurasa mmoja. Kwa hiyo rafiki yangu aliponipa Kusuriya no Hitorigoto, ile hadithi ya picha ya Kijapani inayouzwa kwa Kiingereza kwa jina la The Apothecary Diaries, akaniambia ni ya mafumbo, tena ya kale, niliipokea kwa mikono miwili.

Nimemaliza juzuu mbili za mwanzo. Maomao nampenda. Binti wa miaka 17, mwuza dawa wa mtaa wa madanguro, anatekwa akichuma mitishamba na kuuzwa kwenye kasri la wake za mfalme, anafua nguo. Anajichora madoadoa ya uongo usoni ili asitamaniwe. Mkono wake wa kushoto umejaa makovu kwa sababu sumu anajijaribia mwenyewe. Mhusika wa namna hii sijawahi kukutana naye.

Lakini mafumbo yenyewe siwezi kuyafumbua! Jibu linatoka kwenye elimu yake ya dawa, haliko kwenye vidokezo nilivyopewa mimi. Watoto wa mfalme wanakufa, nami nahangaika kumtafuta adui, nimewaandika masuria wote kwenye daftari na sababu zao za wivu, kumbe ni poda ya uso. Ningejuaje? Halafu kila kesi iko peke yake. Leo mwanamke anacheza usiku juu ya ukuta, kesho moto wenye rangi za ajabu, na hakuna kamba inayoziunganisha. Na nchi yenyewe inaitwa Li, haipo kwenye ramani wala kwenye historia. Sasa tunaposema manga ya kihistoria, ni historia ya nani?

Niendelee au niiache? Nauliza kwa nia njema kabisa.

KurasaKuliaKushoto

Kabla watu hawajakujibu, tuambie unasoma ipi, maana ziko mbili. Hadithi ilianza kama riwaya ya Natsu Hyūga, aliyoanza kuitoa mtandaoni mwaka 2011. Mwaka 2017 ikageuzwa manga mara mbili, kwa wachapishaji wawili tofauti. Ya jarida la Big Gangan imechorwa na Nekokurage, na Itsuki Nanao ndiye aliyepanga masimulizi. Ya jarida la Sunday Gene-X imechorwa na Minoji Kurata. Wahusika ni wale wale, kesi ni zile zile.

Nimesoma zote mbili. Ya Nekokurage ina nguo za kupendeza, na nyuso zinazosema hata bila maneno. Ukitaka kumwona Maomao akifurahia sumu kama mtoto aliyepewa peremende, nenda huko. Ya Kurata haina mapambo mengi, inakwenda moja kwa moja kwenye fumbo. Mtu wa daftari kama wewe huenda ikakufaa zaidi ya pili.

MtoaDawa

Mdogo wangu MsakaVidokezo, swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu hata mimi nilianza na malalamiko hayo hayo. Ila mimi nilitokea upande mwingine. Kazi yangu ni kutoa dawa dirishani, mwaka wa 11 sasa. Napokea cheti, nahesabu vidonge, namweleza mtu anywe vipi na asichanganye na nini. Manga hii nilianza kuisoma usiku wa zamu, nikitafuta makosa ya kitaalamu. Nikaishia kusoma kitu kingine kabisa.

Nianze na poda. Unasema hukupewa vidokezo. Rudi mwanzo. Maomao anasikia uvumi akiwa kwenye nguo chafu: vitoto vya mfalme vinadhoofika. Lakini anasikia pia kwamba mama zao nao wanaumwa kichwa, tumbo, wanatapika. Mtu anayetaka kuua mrithi wa kiti humlenga mrithi. Sasa mbona mama anaumwa pamoja na mtoto, katika nyumba mbili zinazochukiana? Ni lazima kuwe na kitu kinachotumika katika nyumba zote mbili, kinachogusa ngozi ya anayebeba na mdomo wa anayebebwa. Hapo hapahitajiki shahada ya dawa. Wewe ulimtafuta mtu, ndiyo maana kitu hukukiona. Hata mimi sikukiona mara ya kwanza, na kazi yangu ndiyo hii.

Na poda ile haikubuniwa. Ni unga mweupe wa madini ya risasi, uliotumika karne nyingi kwa sababu unashika ngozi vizuri kuliko chochote kilichokuwepo. Japani wenyewe wana kumbukumbu yake. Mwaka 1887, mwigizaji wa kabuki, ile tamthilia ya jadi ya Japani, Nakamura Fukusuke alikuwa jukwaani mbele ya Mfalme Meiji, mguu wake ukawa unatetemeka hautulii. Ilikuwa sumu ya risasi, kutoka kwenye poda aliyojipaka miaka yote ya kazi. Baada ya hapo ndipo watu walipoanza kuhangaikia poda isiyo na risasi. Mwili wa mtoto mchanga hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Kwa hiyo msomaji wa Japani anaposoma kesi ile hasomi ya mbali.

Sasa njoo kwenye jambo linalonifanya nisiiache hadithi hii. Katika kesi ya poda hakuna mwuaji. Waliojipaka walitaka kupendeza, kwa sababu mahali pale mwanamke asiyependeza hana thamani. Na yule mhudumu wa Bibi Lihua, mmoja wa wake wa mfalme, aliyeendelea kumpaka bibi yake poda hata baada ya mfalme kuikataza, alifanya hivyo kwa mapenzi! Alitaka bibi yake mgonjwa aonekane mzuri. Maomao, ambaye muda wote ni baridi kama maji ya mtungi, ndipo anapopandwa na hasira za ajabu. Anamkasirikia mtu kwa kutojua, tena kutojua baada ya kuambiwa. Hasira hiyo naijua vizuri. Nimeimeza mara nyingi nikiwa dirishani.

Usisome aya mbili zinazofuata kama hujafika kwa Bibi Ah-Duo, mke mwingine wa mfalme.

Kuna kesi ya asali. Mtoto wa Ah-Duo alikufa miaka mingi nyuma, na aliyemuua ni Fengming, mhudumu wake mkuu, binti wa wafuga nyuki, ambaye angetoa roho yake kwa ajili ya bibi yake. Alimlambisha mtoto asali apate nguvu. Alipokuja kutambua alichofanya, aliona ni heri amuue mtu mwingine kuliko Ah-Duo kuijua sababu. Maomao anaifumbua kesi, kisha anamwendea Fengming faraghani, wakiwa wawili tu. Hakuna baraza, hakuna kumnyooshea mtu kidole mbele ya watu kama mlivyozoea kwenye hadithi zenu za daftari.

Mimi huwaambia wazazi kila wiki: asali hapana mpaka mtoto atimize mwaka. Siku moja nilimwambia bibi mmoja aliyekuja na mjukuu mwenye kikohozi. Alinisikiliza vizuri, nikamweleza kwamba asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na wale niliowapa zamani?" Nilimwambia ukweli, kwamba wengi waliopewa hawakupata madhara. Lakini aliondoka akihesabu kwa vidole. Nilipoisoma kesi ya Fengming nilifunga kitabu, nikamkumbuka yule bibi na vidole vyake. Hakuna hadithi ya upelelezi iliyowahi kunifanya nimwonee huruma mkosaji kiasi kile, wala nitamani fumbo lisifumbuliwe.

Kwa hiyo jibu langu: endelea. Ila kwenye daftari lako, penye "nani alitaka" andika "nani hakujua".

MsomajiWaTang

Nami nijibu lile la historia ya nani.

Li haipo, ni kweli. Lakini imejengwa kwa matofali ya kweli. Angalia vyeo vya wake wanne wakuu. Gyokuyō ni Guifei, Ah-Duo ni Shufei, Lishu ni Defei, Lihua ni Xianfei. Hivyo ndivyo vyeo vya kasri la China enzi ya Tang, iliyotawala kati ya mwaka 618 na 907. Aliyekitia cheo cha Guifei umaarufu ni Yang Yuhuan, kipenzi cha Mfalme Xuanzong, aliyeuawa Mawei mwaka 756 askari walipogoma kusonga mbele mpaka afe. Jina lake lina herufi ya jade mwanzoni, na jina la Gyokuyō linaanza na herufi hiyo hiyo. Sidhani ni bahati.

Sasa weka pembeni yake ile sura ambapo Maomao anatengeneza dawa ya mapenzi kwa kakao, wahudumu wanaionja bila ruhusa na kuzimia kwa furaha. Mkakao ni mti wa Amerika. Katika China ya Tang hapangeweza kuwa na punje hata moja. Wapo wasomaji wanaoona sura hiyo na kusema mwandishi kateleza. Mimi naona ametuonyesha mlango: hapa siwaandikii kitabu cha darasani.

Na kuna faida ambayo wewe, mtu wa mafumbo, ungeipenda. Ukisoma hadithi ya Yang Guifei unajua mwisho wake kabla hujafungua ukurasa. Kwa Gyokuyō hujui. Hujui nani atazaa mrithi, ukoo gani utaanguka, Jinshi, yule towashi mzuri kupita kiasi, ni nani hasa. Huwezi kwenda kuangalia jibu kwenye kitabu cha historia. Nchi ya kubuni imelifunga fumbo kubwa kuliko yote.

KurasaKuliaKushoto

Hapo kwenye "nani hasa" umekaribia kumwaga, ndugu yangu. Mwache afike mwenyewe.

MsakaVidokezo

Asanteni. Ninayo ya Nekokurage. Aya mbili za MtoaDawa nilizisoma, sikuweza kujizuia, na sijutii. Ile ya bibi anayehesabu kwa vidole nimelala nayo.

Lakini sijaridhika bado. Mambo ya asali na mtoto mchanga, nani aliyajua zamani? Nimesoma kwamba ugonjwa huo ulitambuliwa kwa watoto wachanga mwaka 1976, huko Marekani. Maomao anajuaje? Mwandishi akimpa mpelelezi elimu ya karne ya 20 na kumvika nguo za Tang, mimi naona ni kumpendelea.

Na kamba inayounganisha kesi bado hamjanionyesha.

MtoaDawa

Mwaka uko sahihi. Lakini tazama vizuri anachokijua. Hataji kijidudu, hana jina la ugonjwa, hana darubini. Anachojua ni kwamba chakula kinachomfaa mkubwa kinaweza kumwua mdogo. Hilo mkunga yeyote mwenye macho, aliyezika watoto wengi, angeweza kulishuku bila kujua sababu. Kuliona jambo ni kitu kimoja, kulithibitisha ni kingine. Mwaka 1976 lilithibitishwa. Na usisahau nani alimlea: Luomen, aliyesoma utabibu nchi za magharibi, akawa tabibu wa kasri, kisha akafukuzwa. Baba huyo alimfundisha kanuni moja inayorudi kila mahali katika hadithi: usiseme kitu kwa kukisia.

Kanuni hiyo ndiyo imenifikisha kwenye jina. Kusuriya ni mwuza dawa. Hitorigoto ni kusema peke yako, yale maneno unayojisemea chini kwa chini bila kumlenga mtu. Jina la Kiingereza limeyageuza kuwa shajara, kana kwamba Maomao anaketi jioni na kuandika. Haandiki! Kuandika kunaweza kumponza. Unakumbuka onyo lake la kwanza kabisa? Alichana kipande cha sketi yake, akaandika kwa maji ya majani, akakifunga kwenye tawi la mti wenye sumu na kuliacha dirishani kwa masuria wote wawili. Gyokuyō alilitilia maanani, binti yake akapona. Lihua hakulijali, akazika mtoto. Maomao alijua jibu lakini hakuwa na ruhusa ya kulitamka, kwa sababu mfuaji nguo aliyenunuliwa akisema mke wa mfalme anamwua mwanawe, kichwa chake hakilali shingoni.

Mambo mengi mazito ya hadithi yamo katika mapovu ya mawazo yake. Anafikiri hili, anatamka lile. Sisi wasomaji ndio pekee tunaosikia yote mawili. Ndiyo maana sihitaji kumtangulia. Mimi nasoma kuona atatamka nini, kwa nani, na kipi atakimeza.

NyumbaYaKijani

Naomba niseme jambo ambalo mashabiki wengi hulipita.

Kila mahali watu wanazungumzia Maomao na Jinshi tu, lini watashikana mikono. Sawa, hata mimi natabasamu. Lakini manga hii imechorwa kwa maua na hariri, na chini ya maua kuna biashara ya wasichana. Maomao aliuzwa. Mtaa aliokulia ni wa madanguro, na anaujua jinsi mvuvi anavyoijua bahari: nani ananunuliwa kwa bei gani, nani anaoza kwa ugonjwa chumba cha nyuma asionwe na wateja. Hasemi kwa uchungu, anasema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mara ya kwanza nilifikiri mwandishi hajali. Niliposoma habari za mama yake, na ya Lakan, yule jemadari ambaye nyuso zote za watu kwake ni mawe ya mchezo wa go isipokuwa chache mno, nilielewa kwamba ubaridi ule ni kovu kama yale ya mkononi.

Nililia kwa ajili ya mtu niliyemchukia juzuu nzima. Sitasema zaidi.

MsomajiWaTang

MsakaVidokezo, kuhusu kamba, nitakuonyesha ncha tu. Utakutana na ghala lililolipuka, na Maomao ataonyesha kwa boksi na unga wa ngano kwamba vumbi la unga hewani likikutana na moto hulipuka kama baruti. Utakutana na ofisa aliyelishwa sumu ambayo kila mtu anadhani ni ya samaki bunju, mpishi analia kwamba hakuhusika, na jibu liko kwenye mwani wa kuokotwa mbali ambao haukutayarishwa kwa chokaa. Utakutana na ndugu watatu wafua vyuma na kabati ambalo baba yao amekufa bila kuwaambia linafunguliwaje, na siri iko kwenye madini yanayoyeyuka kwa joto dogo. Utazisoma kama kesi tatu, kila moja na mwisho wake.

Usizifute kwenye daftari. Andika nani alikuwa na kiko kule ghalani, na alikipata wapi. Andika nini kilipotea kila mara watu walipokuwa wakitazama moto au maiti. Kuna siku utamwona Maomao akikimbia, yeye asiyekimbia kamwe, na ukiwa umeandika vizuri utajua anakimbilia wapi kabla hajafika. Raha unayoitafuta ipo, ila imefukiwa chini sana.

MsakaVidokezo

Basi naendelea. Daftari jipya nimeshanunua.

Kabla ya juzuu ya tatu nimerudi mwanzo, pale Jinshi anapomtafuta aliyeacha onyo dirishani. Mnakumbuka: anawakusanya wajakazi, hasemi neno, anainua tu karatasi iliyoandikwa kwamba mwenye madoadoa abaki. Halafu anawaruhusu waondoke. Mara ya kwanza nilimtazama Jinshi na ujanja wake, nikaandika "mtego mzuri".

Safari hii nimewatazama wale wengine. Wanageuka, wanatoka wakinong'onezana, karatasi kwao ni mistari tu. Maomao peke yake amebaki katikati ya chumba kwa sababu anajua kusoma, na uso wake unaonyesha ameshaelewa kosa lake. MtoaDawa, nimeandika chini ya picha hiyo, "angejifanya haoni." Bado natafuta kama ulikuwepo muda wa kufanya hivyo.